Picha Husafishwa Wapi? Historia ya Uchaguzi wa Vifaa vya Kupigia Picha za Harusi na za Studio kati ya Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wapiga picha wa kusini-magharibi mwa Uganda walivyochagua vifaa vya kazi, tangu enzi ya mkanda wa filamu hadi enzi ya kadi, kwa kutazama hasa picha za harusi na za studio. Inadai kwamba uchaguzi huo haukuongozwa kwanza na ubora wa kamera, bali na mahali picha ilipokamilishwa: iliposafishwa, ilipochapwa na ilipotunzwa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na hasa eneo la Base Camp, suala hilo la mahali lina uzito wa pekee, kwa kuwa wengi wa wanaopigwa picha waliziacha albamu zao nyumbani, na huenda wakahama tena.

Utangulizi

Makazi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2006. Yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walipokuwa wakivuka mpaka. Leo yana watu zaidi ya laki moja, na yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Base Camp ndiko kuliko na ofisi kuu na soko kubwa, na ndiko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia wanakouziana bidhaa kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, soko hilo lilikuwa limekwisha kupitisha uamuzi wake zamani.

Msamiati wa picha katika soko hilo ni historia fupi yenyewe. Msemaji wa Kiswahili cha Tanzania au Kenya husema *picha*, neno lililotokana na Kiingereza. Mkongo husema *foto*, kwa njia ya Kifaransa, na Mnyarwanda ana *ifoto* pamoja na kitenzi *gufotora*. Msomali ana *sawir*, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na *sura* na *taswira* za Kiswahili. Mwenyeji, Mnyankole, husema *ekishushani*, kile kinachofanana na kitu, kama vile Muganda anavyosema *ekifaananyi*. Maneno haya yanaitaja picha kama kitu kilichokamilika. Neno linaloitaja kazi iliyopo kati ya kubonyeza kamera na kuipokea picha ni jingine: *kusafisha*, au *kuosha* kama wengi wasemavyo Kenya. Kitenzi hicho ndicho kinachoongoza mjadala unaofuata. Atakayetaka kujua kwa nini mpiga picha alinunua kamera hii na kuiacha ile, na aulize kwanza picha zake zilikuwa zikisafishwa wapi.

Negativu kubwa

Kwa Mbarara, jina linalofaa kuanza nalo ni la Musa Katuramu. Alikuwa seremala na mwalimu wa useremala, na pamoja na kazi hiyo aliwapiga picha watu wa Ankole katika miongo iliyotangulia uhuru na baada yake. Negativu zake zilitunzwa na familia ndani ya sanduku. Zilianza kujulikana mbali na Mbarara baada ya kuwekwa katika mfumo wa kidijitali na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon. Kwamba mtu huyo alikuwa seremala si jambo la kupitwa haraka. Mpiga picha wa bara wa wakati ule alihitaji kujua kutengeneza fremu, sanduku lisilopitisha mwanga na kiti cha kuketisha wateja, kwa kuwa hapakuwa na duka la jirani la kuvinunua.

Pwani hali ilikuwa nyingine. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, na Lamu ikampata Omar Said Bakor, aliyesifika kwa ustadi wa kuunganisha picha. Hao wote waliweza kuwa na chumba cha giza nyuma ya chumba cha kupigia picha. Mteja aliondoka, akarudi baada ya siku chache, akaikuta picha yake dirishani. Bara, na hasa vijijini, hatua hizo mbili hazikukaa chini ya paa moja kwa urahisi.

Ndiyo maana ukubwa wa negativu ulikuwa na maana kubwa kuliko jina la kiwanda. Mkanda wa namba 120, uliotolewa na Kodak mwaka 1901, hutoa picha 8 za sentimita 6 kwa 9, au 12 za sentimita 6 kwa 6. Negativu ya sentimita 6 kwa 9 yaweza kulazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, ikabanwa kwa kioo na kumulikwa, ikatoa picha inayotazamika bila mashine ya kukuzia. Kinachotakiwa ni giza, dawa, maji safi na mwanga kidogo. Mkanda wa milimita 35, uliowekwa katika kasha lake la kawaida mwaka 1934, hauna neema hiyo: picha yake ikichapwa bila kukuzwa hulingana na stempu ya barua. Lazima iwepo mashine ya kukuzia, na mashine hutaka umeme. Kamera ndogo ilikuwa nyepesi begani, lakini ilimfunga mwenye nayo kwenye mji wenye nyaya. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilianza kuzalisha umeme mwaka 1954, na vijiji vingi vya Ankole viliendelea kungoja kwa miongo kadhaa.

Aliyechagua negativu kubwa alilipa kwa njia nyingine. Mwenye nafasi 8 au 12 hawezi kuifuata harusi inavyokwenda, huwapanga watu. Huwaweka maharusi katikati, wazazi pembeni, watoto mbele, kisha huwaambia wasitikisike. Wasomaji wa leo wakiziona picha hizo hupenda kuzieleza kwa adabu ya zamani, au kwa hofu ya watu mbele ya kamera. Sehemu ya utulivu ule ni hesabu tu. Picha iliyotikisika ilikuwa sehemu ya nane ya mkanda imepotea, na mkanda mwingine ulikuwa mbali.

Miaka ya uhaba

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Biashara nyingi za mijini, Mbarara ikiwemo, zilikuwa mikononi mwao, pamoja na njia za kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo. Filamu, karatasi na dawa za kusafishia zote ziliagizwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zikawa adimu. Serikali yenyewe haikukosa mkanda. Mwaka 2015 ziligunduliwa negativu zipatazo 70,000 katika shirika la utangazaji la Uganda, zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, na mwaka 2019 baadhi yake zilioneshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Nyingi hazikuwahi kuchapwa hata mara moja. Ukizitazama kwa jicho la mtafutaji wa vifaa, maelfu hayo ya negativu yanashangaza: mkanda ulitumika kwa wingi kwa ajili ya picha ambazo hakuna aliyezingoja.

Februari 1979, katika vita vya Tanzania na Uganda, mji wa Mbarara uliharibiwa vibaya. Oktoba 1982 ukafuata msiba mwingine. Watu wenye asili ya Rwanda, wakiwemo raia waliozaliwa Ankole, walifukuzwa makwao, nyumba zao zikaporwa na kuchomwa. Maelfu walisukumwa hadi Nakivale na Oruchinga, na wengine wakavuka kwenda Rwanda. Nyumba inapoungua, kilichomo sandukuni huungua pia. Kwa familia nyingi za Nakivale, basi, historia ya picha inaanza na pengo, na pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kurudi kwa mpiga picha wa zamani, maana studio na negativu zilibaki upande mwingine wa barabara au wa mpaka. Hata kwa waliobaki, albamu haikuwa ghala tulivu. Richard Vokes, aliyefanya utafiti Bugamba, si mbali na Mbarara, ameandika jinsi albamu za familia zilivyopangwa na kupanguliwa upya katika miaka ya UKIMWI.

Rangi na mashine ya mjini

Picha ya rangi iliwafikia wengi, lakini iliihamisha kazi ya kusafisha. Mfumo wa C-41, uliotoka mwaka 1972 na kuenea duniani, hutaka dawa ya kusafishia mkanda ibaki katika nyuzijoto 37.8, na hairuhusu kosa la hata nusu nyuzi. Hakuna beseni wala jiko la mkaa linaloweza kulinda kipimo hicho. Zikaja mashine za kusafisha na kuchapa kwa pamoja, zikawekwa mijini. Mpiga picha wa kijijini, ambaye jana angeweza kukamilisha picha ya nyeusi na nyeupe kwa mikono yake, akawa mbeba mikanda. Alipiga Jumamosi, akapanda gari kwenda mjini, akarudi na bahasha.

Katika hali hiyo mkanda wa milimita 35 ulishinda bila kupingwa. Kama kila kitu kinakamilishwa mjini, hakuna sababu ya kubeba kamera nzito. Mkanda mmoja hutoa picha 36, na mikanda miwili inatosha kuifuata harusi tangu nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini. Kamera za kimakenika kama Pentax K1000, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1997, au Nikon FM2 ya mwaka 1982, zilifaa kwa jambo moja ambalo matangazo ya Ulaya hayakulitilia mkazo: betri ikiisha, ni kipimo cha mwanga tu kinachozimika, kamera inaendelea kupiga. Betri zilizonunuliwa kwa wingi zilikuwa za flashi. Wapiga picha wa mitaani wa Likoni, Mombasa, ambao Heike Behrend amewachunguza kwa kina, walifanya kazi katika utaratibu huohuo wa mkanda kwenda mjini na bahasha kurudi.

Jambo moja linastahili kusemwa bila haraka. Mashine ilipohamia mjini, rangi ya uso nayo ilihamia huko. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, alionesha mwaka 2009 kwamba kadi zilizotumiwa na viwanda kupimia rangi za filamu na mashine zilikuwa kwa muda mrefu na picha ya mwanamke mweupe, na kwamba filamu zenyewe zilitungwa kwa kumfuata yeye. Harusi ya Kiafrika ni mtihani mgumu kwa filamu ya namna hiyo: gauni jeupe kupindukia, suti nyeusi, na kati yake nyuso za rangi ya kahawia iliyokoza. Mashine ikilifuata gauni, nyuso zinazama gizani. Ikizifuata nyuso, lesi ya gauni inafutika. Mpiga picha alikuwa na silaha moja tu, flashi yenye nguvu ya kutosha, na aliyejua kazi aliielekeza darini au kwenye ukuta mweupe. Uamuzi wa mwisho ulibaki kwa kijana aliyeketi kwenye mashine, ambaye hakuwahi kumwona bibi harusi. Kwa hiyo mpiga picha aliyekuwa na shilingi za kununua lenzi mpya angefanya vyema zaidi kununua flashi, na kujenga urafiki na kijana yule.

Miaka hiyohiyo ilileta Nakivale wimbi jingine la watu baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Katika kambi za Kongo mashirika ya misaada yalitumia picha za uso kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao: mtoto alipigwa picha akiwa ameshika namba, na picha zikabandikwa kwenye mbao watu wapite wakizitazama. Picha ya namna hiyo haikuhitaji lenzi ghali. Ilihitaji uso uliomulikwa sawasawa, namba inayosomeka, na nakala nyingi. Vigezo hivyo havitofautiani sana na vya picha ya pasipoti, ambayo hadi leo ndiyo chakula cha kila siku cha studio ndogo.

Kadi, betri na chumba chenye giza

Canon ilipotoa EOS 300D mwaka 2003 kwa bei iliyo chini ya dola 1,000, kamera ya kidijitali ya kubadili lenzi ilianza kuingia katika hesabu za wapiga picha wa kawaida, ingawa kwa Afrika Mashariki nyingi zilifika baadaye, zikiwa mitumba. Kodak iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Kitenzi *kusafisha* kikapoteza kazi yake ya zamani. Kwa kijana anayeanza leo, picha *huhaririwa* na *hutumwa*.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi nchini Uganda kufanya kazi na kusafiri, hivyo mpiga picha wa Base Camp aweza kwenda Mbarara kununua kamera, na aweza kuitwa huko kupiga *kuhingira*, sherehe ya Wanyankole ya kumtoa binti. Anaponunua, hukutana na ushauri mwingi uliotungwa kwa ajili ya watu wenye umeme usiokatika. Mfano mmoja unatosha. EOS 6D Mark II ya mwaka 2017 na EOS RP ya mwaka 2019 zina kitambuzi cha ukubwa mmoja na pikseli milioni 26 kila moja. Ya pili ni mpya zaidi, ndogo na nyepesi, haina kioo ndani. Lakini kwa kipimo cha kiwanda betri ya ile ya kwanza hupiga picha 1,200, na ya RP picha 250. Harusi ya Wakongo inayoanza na ibada asubuhi na kuishia na muziki usiku yaweza kumaliza betri tatu au nne za RP. Penye umeme wa jua wa paneli moja, unaogawanywa kati ya simu za watu wote wa nyumbani, tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya kamera.

Zipo hoja za upande wa pili. Kamera isiyo na kioo yaweza kupiga kimya, nayo ni stahili ya msikitini na kanisani. Katika hafla za wanawake peke yao, za Wasomali na za Waislamu wengine, anayehitajika kwanza ni mpiga picha mwanamke, na la pili ni uhakika wa mahali picha zitakakokwenda. Behrend, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza jinsi hofu ya kuonekana inavyoathiri upigaji picha wenyewe. Hapo kadi inayoweza kutolewa na kukabidhiwa kwa mwenye shughuli usiku uleule ina thamani kuliko kamera inayojiunga yenyewe na simu.

Kadi inaleta jambo la pili. Harusi hairudiwi. Kamera yenye nafasi mbili za kadi, kama Nikon D750 ya mwaka 2014, huandika kila picha mara mbili, na kadi moja ikiharibika nyingine ipo. D750 ina pikseli milioni 24, yaani picha ya 6,000 kwa 4,000, ambayo huchapwa kwa ubora kamili hadi sentimita 50 kwa 33. Nyingi ya picha hizo zitatumwa kwa WhatsApp, ambayo huzibana vikali. Kulipia pikseli milioni 45 ili ndugu aliye Goma au Ohio aitazame picha kwenye simu ni kutupa fedha.

Kuhusu lenzi, ushauri wa kawaida ni milimita 50 yenye upenyo wa f/1.8, kwa kuwa ni rahisi na hupokea mwanga mwingi. Ni ushauri mzuri kwa picha ya mtu mmoja mlangoni. Kwenye kamera yenye kitambuzi kidogo, hata hivyo, lenzi hiyo huona kama ya milimita 75 au 80, na katika chumba cha udongo chenye upana wa hatua nne mpiga picha atajikuta mgongo umegota ukutani kabla familia haijaenea ndani ya picha. Milimita 35 kwenye kitambuzi kikubwa, na flashi moja, ni chaguo la busara zaidi. Wenye kamera za kioo wana bahati ya wakati huu: mlango wa lenzi wa Nikon ni wa 1959, wa Canon EF ni wa 1987, na sasa viwanda vimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, kwa hiyo lenzi nzuri za miongo mingi zinashuka bei zingali hai. Mtambo ulioachwa na matajiri ukiwa bado unatengenezeka ndio uliojenga studio nyingi za bara tangu mwanzo. Mnunuzi wa mitumba aulize tu shata imepigwa mara ngapi; ya D750 ilijaribiwa na kiwanda hadi mara 150,000.

Kifaa kinachobadilisha mambo zaidi si kamera, ni printa. Printa ndogo za joto, kama zile za Selphy, hutumia karatasi zinazouzwa na utepe wa rangi uliopimwa uishe pamoja nazo, hivyo mwenye nayo anajua gharama ya kila picha kabla hajaichapa. Kwa mara ya kwanza tangu negativu ya sentimita 6 kwa 9, picha inaweza kuanza na kukamilika palepale Base Camp, na rangi ya uso ikaamuliwa na mtu aliyeuona. Studio inayopanga bajeti yake ingefaa kuitanguliza printa mbele ya lenzi ya pili.

Linabaki suala la utunzaji. Negativu za Katuramu zilidumu sandukuni bila umeme. Diski ya kompyuta yaweza kufa kwa siku moja, na mpiga picha mwenyewe aweza kupata uhamisho kwenda nchi ya tatu na kuondoka na faili za harusi za mtaa mzima. Diski mbili, moja ikikaa kwa mtu mwingine, ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ilivyo kamera, na ndizo husahaulika kwanza bei zinapojumlishwa. Wanaohamishwa hupewa na shirika la IOM mfuko mweupe wa plastiki wa kubebea nyaraka, wauweke karibu nao safari nzima. Albamu ya harusi ya kurasa nene hupimwa na mizigo mingine kwa kilo. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inaingia mfukoni humo bila kukunjwa.